Hali ya Wapemba wa Kenya: tunailinganisha na ya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa muda sasa linajadiliwa hapa Pemba, barazani na madukani, nalo ni hali ya maisha ya ndugu zetu waliohamia pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa raia na Rais William Ruto akafika Kilifi mwezi wa Julai kuwakabidhi hati zao, nimekuwa nikisikia kauli mbili zinazopingana. Wako wanaosema kwamba wenzetu wa ng'ambo ile wamekwisha kutajirika, wana boti na nyumba za matofali, na kwamba anayebaki Micheweni au Wete anajichelewesha tu. Wako pia wanaosema kwamba Mpemba wa Kenya ni maskini kuliko maskini wote wa mwambao ule, hana ardhi, hana elimu, na bora angerudi. Kila mmoja ana ushahidi wake: huyu ana shemeji Malindi, yule ana mjomba Shimoni.

Mimi nimefundisha hisabati kwa miaka 31, na nilikuwa karani katika sensa ya mwaka 2002 na ile ya 2012. Katika mijadala hii yote sijamsikia mtu akiuliza swali ambalo mwanafunzi wa darasa la saba angepaswa kuliuliza: hali ya hawa watu inalinganishwa na ya nani?

Nianze na Kenya yenyewe. Utafiti wa kaya uliofanywa nchini humo mwaka 2015/16 ulionesha kuwa watu 36.1 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini kwa nchi nzima. Katika kaunti ya Kilifi kiwango kilikuwa asilimia 46.4, na Kwale asilimia 47.4, huku Nairobi ikiwa na asilimia 16.7 tu. Wapemba wengi wanaishi Kilifi na Kwale. Ukimchukua mvuvi wa Kipemba wa Mayungu ukamweka kwenye mizani na Mkenya wa kawaida, yule wa wastani wa nchi nzima, utamkuta amepungukiwa, na utasema kwamba uhamiaji wake ndio uliomfikisha hapo. Kumbe Mgiriama aliyezaliwa hatua chache kutoka nyumbani kwake, ambaye babu yake hakuvuka bahari yoyote, naye amepungukiwa vilevile, kwa sababu kaunti yao yote iko nyuma. Mizani ya haki ni kumlinganisha Mpemba huyo na mvuvi wa Kigiriama au wa Kidigo wa umri wake, anayeuza samaki kwa tajiri yuleyule na kuchota maji katika kisima kilekile.

Kosa la pili nililisikia kwa mtu msomi, na kwa hiyo liliniuma zaidi. Alichukua takwimu za Zanzibar, ambazo zinaonesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi asilimia 25.7 mwaka 2019/20, akaziweka kando ya zile za Kilifi, kisha akatangaza kwamba waliohama wamepoteza. Hakukumbuka kwamba kila nchi imechora mstari wake wa umaskini, kwa kapu lake la vyakula na kwa bei za masoko yake, na kwamba tafiti hizo zimepishana miaka. Wala hakukumbuka kwamba hiyo asilimia 25.7 ni ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Kila anayeishi huku anajua kwamba umaskini wa Pemba ni mkubwa kuliko wa Unguja, na kwamba Wilaya ya Micheweni ndiyo iliyoelemewa kuliko zote. Wanaovuka kwenda Shimoni na Vanga hawatoki mjini Unguja. Wanatoka katika madiko yetu haya, yaani bandari ndogo za wavuvi, na hali waliyoiacha ndiyo ambayo ingepaswa kupimwa dhidi ya hali waliyoikuta.

Kuhusu utajiri, nadhani tumeponzwa na sifa zetu wenyewe. Dar es Salaam duka la mtaani huitwa "kwa Mpemba" hata kama mwenyewe hajawahi kukiona kisiwa hiki, na wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanajulikana kila pembe ya nchi. Tunachokiona ni duka, kwa kuwa duka liko barabarani na lina kibao. Wale vijana wanaolala ndani ya duka hilo, wanaopakia na kupakua mizigo usiku, hatuwaoni. Tuchukue mfano wa kubuni wa familia kumi za wahamiaji: tisa zinapata shilingi 200,000 kila moja kwa mwezi na moja inapata 5,000,000. Wastani wao ni shilingi 680,000, kiasi ambacho hakuna hata familia moja kati ya hizo kumi inayokipata. Ukizipanga kwa kipato, aliye katikati ya mstari bado ana 200,000 zake. Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba tuambiwe kipato cha yule wa katikati kabla ya kuambiwa wastani.

Halafu kuna suala la nani aliondoka na kwa nini. Wako Wapemba ambao wazee wao walifika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1930, wakifuata samaki kwa upepo wa kaskazi na kusi, wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, la miezi michache kisha wakaoa na kubaki. Wako walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Wako watu wapatao 2,000 waliokimbilia Shimoni baada ya umwagaji damu wa maandamano ya Januari 2001 hapa Zanzibar, wengi wao wakarudi baadaye, wengine hawakurudi. Aliyekwenda kuvua kwa hiari yake, akiwa kijana mwenye nguvu na mwenye mwenyeji wa kumpokea, na aliyekimbia usiku na watoto bila hata kibuyu cha maji, hawawezi kutiwa katika safu moja ya jedwali na kuitwa "wahamiaji". Tena, katika dago, aliyeshindwa maisha mara nyingi hurudi nyumbani kimyakimya. Anayebaki kule akahesabiwa ni yule ambaye mambo yalimwendea vizuri kidogo, au yule ambaye hata nauli ya kurudi hana. Bila ya kuwajua waliorudi, hesabu ya waliobaki ina pengo.

Lakini lililonisukuma hasa kuandika ni suala la karatasi, maana hapa ndipo vipimo vyetu vya kawaida hupotoka bila ya mtu kutambua.

Ami yangu alikwenda dago upande wa Kwale katika miaka ya sabini na hakurudi. Alikuwa nahodha hodari. Baada ya miaka mingi ya kuvulia vyombo vya watu alinunua mashua kwa fedha zake mwenyewe, ila kwa kuwa hakuwa na kitambulisho cha Kenya, na bila kitambulisho hapakuwa na leseni ya uvuvi wala ya chombo, mashua ile iliandikwa kwa jina la jirani yake. Msomaji asiyejua mambo ya bahari naomba anivumilie nimweleze maana yake. Taratibu hutofautiana kati ya diko na diko, ila kwa kawaida samaki wakishauzwa hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo na nyavu, na fungu la mabaharia, ambalo hugawanywa tena kwa vichwa. Tuseme mauzo ni shilingi 20,000 za Kenya na gharama ni 8,000. Zinabaki 12,000. Nusu yake, yaani 6,000, inakwenda kwa mwenye chombo, na nusu ya pili wanagawana mabaharia sita, shilingi 1,000 kila mmoja. Fungu la chombo ndilo linalomtoa mvuvi katika umaskini, na ndilo hasa ambalo ami yangu alilazimika kulimega kila siku ili kumridhisha mwenye jina. Jirani yule alipofariki, warithi wake walikuja na karatasi, na karatasi ilisema mashua ni ya baba yao. Ami alirudi kuvulia vyombo vya watu akiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini.

Sasa fikiria karani wa utafiti angefika katika kijiji kile kabla ya kifo cha jirani. Angeuliza nani mmiliki wa mashua, naye angeandika jina la jirani, mwenyeji mwenye mali. Angefika kwa ami yangu, angeandika: hana chombo, hana ardhi, hana akaunti ya benki. Angehitimisha kwamba wahamiaji wana mali kidogo kuliko wenyeji, na kwa karatasi angekuwa sahihi kabisa, wakati sehemu ya mali ya mwenyeji ilikuwa jasho la mhamiaji lililoandikwa kwa jina jingine. Hata fedha za simu, ambazo Wakenya wamezizoea tangu mwaka 2007, wengi wa ndugu zetu walizitumia kwa laini zilizosajiliwa na marafiki, kwa hiyo nyendo za fedha zao pia zilihesabiwa kuwa za watu wengine. Watoto wao waliokosa vyeti vya kuzaliwa walipata taabu kusajiliwa mitihani ya taifa, kisha tunashangaa kwamba elimu yao iko chini ya ile ya majirani, na wengine wanasema Mpemba hapendi kusoma. Neno hilo, Ndugu Mhariri, kwa mwalimu wa kisiwa hiki ni zito sana kulisikia.

Kosa linaweza kuegemea upande mwingine pia. Kaya ya mvuvi hula kitoweo ambacho haikukinunua, na kama karani hakukipa thamani samaki yule, kaya itaonekana maskini kuliko ilivyo. Wako wenye mikarafuu ya urithi huku Pemba ambayo ndugu zao huichuma na kuwawekea fungu lao, na mali hiyo haitaonekana kamwe katika dodoso la Kilifi. Vilevile kuna fedha wanazotuma kwa ajili ya futari, nguo za Idi, ada za shule na matibabu ya wazee. Mpemba wa Kenya anapotuma fedha nyumbani, matumizi ya kaya yake yanapungua kule na matumizi ya kaya ya mama yake yanaongezeka huku. Tukija kuzilinganisha kaya hizo mbili tutasema hazipishani sana, na tutauliza alikwenda kutafuta nini, ilhali kilichosawazisha mizani ni mkono wake mwenyewe.

Ulinganisho mzuri unawezekana, na mfano upo. Jamii ya Washona, ambao wazee wao walifika Kenya kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1960, ilifanyiwa utafiti wa kaya mwaka 2019, kabla ya kupewa uraia, kwa kutumia maswali yanayofanana na yale wanayoulizwa Wakenya, na wakalinganishwa na wananchi wa kawaida jambo kwa jambo: ajira, elimu, makazi, umiliki wa mali. Kabla yao Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai vitambulisho, wakavipata. Jamii hizi tatu, Wamakonde, Washona na Wapemba, zilipata uraia katika miaka tofauti, zikiwa katika nchi moja na chini ya sheria moja, na kwa mtafiti hiyo ni nafasi adimu ya kupima kwa vitendo kitambulisho kinaongeza nini katika kipato cha kaya, na baada ya miaka mingapi. Mwaka 2023 uwe ndio mpaka wetu. Tumpime Mpemba wa Kwale alivyokuwa kabla yake na alivyo sasa, tumpime jirani yake Mdigo kwa kipindi hichohicho, na tofauti ya mabadiliko yao ndiyo itakayotueleza kitu. Kumpima Mpemba peke yake hakutoshi, kwa sababu bei ya mafuta na ya samaki imebadilika kwa kila mtu.

Naiomba kwa heshima Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar ishirikiane na Shirika la Takwimu la Kenya katika kazi hii, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwatume vijana wake wanaoijua lugha ya wavuvi, ambao wataelewa mtu akisema chombo ni chake lakini jina si lake. Nawaomba pia waandishi wa gazeti lako, kila wanapochapisha takwimu za jamii yoyote ya wahamiaji, wakiwemo wale wanaokuja kufanya kazi katika hoteli za Unguja, waandike waziwazi wamelinganishwa na nani, wa umri gani, na wa mahali gani.

Na kwa utafiti ujao wa mapato na matumizi ya kaya hapa Zanzibar, napendekeza maswali mawili yaongezwe kwenye dodoso. Je, yuko mtu wa kaya hii anayeishi ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, na katika miezi 12 iliyopita ametuma kiasi gani? Je, iko mali ya kaya hii, huku au kule, iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine? Makarani waanze na shehia za Micheweni, maana huko, kwa ninavyozijua nyumba zake, ni chache ambazo hazitakuwa na jibu.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Wete, Pemba