Barua kwa Salma kuhusu majani ya chai

Tanga, 9 Juni 2024

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Uliniuliza nikuletee majani gani ya chai nitakapovuka kuja Unguja, nami sikutaka kukujibu kwa mazoea. Nilinunua pakiti tatu dukani, nikazionja kwa kipimo kimoja cha waonjaji wa kimataifa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, yakafunikwa kwa dakika 6. Chai ya namna hiyo ni kali kuliko tunayokunywa nyumbani, lakini huwa haifichi kasoro.

Majani ya Mufindi na ya Kericho ni ya chembechembe, yaani yamepondwa, yakachanwa na kuviringwa kwa mashine, ndiyo maana hutoa rangi upesi. Ya Mufindi ni laini na yananukia vizuri. Ya Kericho yamechangamka zaidi, yakaniachia ukakasi kwenye ufizi. Nilipotia maziwa, ya Kericho yalisimama imara na ya Mufindi yakafifia, ingawa pakiti hiyo ilikuwa imebakiza miezi miwili tu kwisha muda wake, kwa hiyo huenda nimeyaonea.

Pakiti ya tatu inatoka Nuwara Eliya, Sri Lanka, mji ulio juu ya mita 1,800, na majani yake ni marefu, yamesokotwa. Imeandikwa “Orange Pekoe”, na muuzaji aliniapia kuwa ina machungwa, kumbe hilo ni jina la daraja la jani tu! Rangi yake ni nyepesi na harufu yake ni ya maua. Kwa maziwa ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria, lakini kwa chai ya rangi ilizishinda zote, na bei yake pia ilizishinda.

Yale ya kupimwa kwa kijiko sokoni sikuyagusa, kwani yalikuwa wazi kando ya sabuni, na majani ya chai hunyonya kila harufu.

Kwa kuwa wewe huchemsha chai ya maziwa na tangawizi kila asubuhi, nitakuletea ya Kericho nusu kilo, na mama nitamletea pakiti ndogo ya Nuwara Eliya kwa chai yake ya rangi ya alasiri. Tafadhali tafuta kopo lenye mfuniko wa kubana, maana ile chupa ya kioo unayoiweka karibu na jiko huyaharibu majani kwa mwanga na joto. Ukitaka mabadiliko, niarifu kabla ya Ijumaa; tiketi ya boti nimeshakata.

Wako,
Mwanahamisi