Mporomoko wa bei si dawa ya mfumuko wa bei

Mhariri,

Barua za wasomaji kuhusu ughali wa maisha ambazo gazeti lako limekuwa likizichapisha zinarudia madai mawili. La kwanza ni kwamba bei hupanda kwa sababu serikali huchapisha noti nyingi, na hakuna sababu nyingine. La pili ni kwamba suluhisho ni bei zote zirudi zilikokuwa miaka michache iliyopita. Dai la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili, likitimizwa kama lilivyo, lingeleta balaa, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Noti na sarafu ni sehemu ndogo tu ya ujazi wa fedha, yaani jumla ya fedha zote zilizo mikononi mwa umma. Sehemu kubwa ni amana zilizo katika akaunti za benki, na nyingi ya amana hizo huzaliwa pale benki inapokopesha. Mtu akiidhinishiwa mkopo, benki haimpi noti zilizowekwa na mteja mwingine. Humwandikia kiasi hicho katika akaunti yake, na tangu hapo zipo fedha ambazo jana hazikuwapo. Akilipa deni, fedha hizo hufutika. Benki Kuu ya Uingereza ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2014, ikaonyesha kwamba amana zilikuwa takribani asilimia 97 ya fedha zilizokuwa mikononi mwa umma wa nchi hiyo. Anayeutazama mtambo wa noti peke yake, basi, anaziacha nje ya hesabu benki za biashara, ambazo ndizo huongeza au kupunguza ujazi wa fedha kila siku, huku benki kuu ikizihimiza au kuzizuia kwa kushusha na kupandisha riba.

Sikatai kwamba uchapishaji wa noti umewahi kuangamiza sarafu. Ujerumani ilichapisha noti hadi dola moja ya Marekani ikafikia marki trilioni 4.2 mwezi Novemba 1923, na Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 mwanzoni mwa mwaka 2009, muda mfupi kabla ya kuiacha sarafu yake. Lakini hata huko uchapishaji haukufanya kazi peke yake. Bonde la Ruhr, penye makaa ya mawe na viwanda vya chuma, lilikuwa limekaliwa na majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji tangu Januari 1923, na serikali ya Ujerumani ikawa inawalipa wafanyakazi waliogoma kuyatumikia majeshi hayo, kwa hiyo fedha ziliongezeka wakati uzalishaji ukianguka. Zimbabwe nako kilimo kilikuwa kimedorora kwa miaka kadhaa. Juu ya hayo, mtu asiyeiamini sarafu yake huitumia siku ileile aliyoipata. Kasi ya mzunguko hupanda, na bei huweza kupaa haraka kuliko hata noti zinavyochapishwa.

Kinyume chake kimeonekana pia, na sijaona msomaji hata mmoja akikitaja. Kati ya mwaka 2001 na 2006 Benki Kuu ya Japani ilizimiminia benki za nchi hiyo fedha kwa kununua hati fungani, yaani hati za mikopo, na bei hazikupanda kwa kiasi cha maana, kwa sababu benki zilikuwa zimelemewa na mikopo mibovu, nazo kampuni zilikuwa zikihangaika kulipa madeni ya zamani badala ya kukopa upya. Baada ya msukosuko wa mwaka 2008, mizania ya Benki Kuu ya Marekani, yaani hesabu ya mali na madeni yake, ilikua kutoka chini ya dola trilioni 1 hadi takribani trilioni 4.5 mwishoni mwa mwaka 2014. Wapo waliotabiri mfumuko mkali, nao haukuja, kwani sehemu kubwa ya fedha hizo ilikaa kama akiba za benki ndani ya benki kuu yenyewe. Mwaka 2020 mambo yalikwenda vingine. Serikali ya Marekani ilituma fedha moja kwa moja kwa wananchi, ujazi wa fedha ukaongezeka kwa takribani robo ndani ya mwaka mmoja, na wakati huohuo viwanda na bandari nyingi duniani zilikuwa zimekwama kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kufikia Juni 2022 mfumuko wa bei nchini humo ulikuwa asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Haitoshi, kwa hiyo, kuuliza fedha zimeongezeka kiasi gani bila kuuliza pia zimemfikia nani, zinazunguka kwa kasi gani na zinakutana na bidhaa kiasi gani sokoni.

Kuhusu dai la pili, kuna mambo mawili ambayo magazeti, na hili likiwamo, huyachanganya. Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 10 hadi 4, bei hazijashuka: kilichogharimu 100 kilifika 110 mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kitafika 114.4. Mporomoko wa bei ni pale kiwango cha jumla cha bei chenyewe kinaporudi nyuma, na huo ndio wanaouomba wenzangu.

Ubaya wake umo katika madeni. Bei zikishuka, mapato ya mfanyabiashara hupungua, mishahara hukatwa au watu huachishwa kazi, lakini deni lililoandikwa katika mkataba hubaki na tarakimu zilezile. Aliyekopa kwa riba ya asilimia 5 akitarajia bei zipande kwa asilimia 4 alijua kwamba mzigo wake halisi ni kama asilimia 1 tu. Bei zikishuka kwa asilimia 4 badala yake, mzigo huo unakaribia asilimia 9, ingawa benki haijagusa hata nukta ya mkataba. Mwanauchumi wa Marekani Irving Fisher, ambaye utajiri wake mwenyewe ulipotea katika anguko la soko la hisa la mwaka 1929, alieleza mwaka 1933 jinsi wadaiwa wanavyouza mali kwa pupa ili walipe, jinsi mauzo hayo yanavyozidi kuzishusha bei, na jinsi salio la deni linavyozidi kuwa zito kadiri wanavyolipa. Ule utaratibu wa benki nilioueleza hapo juu sasa hufanya kazi kinyumenyume: kila mkopo unaolipwa bila mwingine kutolewa hufuta fedha, na benki inayofilisika pasipo bima ya amana huondoka na fedha za wateja wake. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1929 na 1933, maelfu ya benki yalifungwa, ujazi wa fedha ukapungua kwa takribani theluthi moja, bei zikashuka kwa takribani robo, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Kwa haki niongeze kwamba bei zimewahi kushuka polepole huku uzalishaji ukikua, kama ilivyokuwa Marekani kuanzia mwaka 1873 hadi 1896, wakati fedha zilipofungamanishwa na dhahabu na reli na mashine mpya zikashusha gharama. Hata hivyo wakulima wenye madeni waliumia kiasi cha kuufanya uhaba wa fedha kuwa hoja kuu ya uchaguzi wa urais wa mwaka 1896. Uchungu huo haukupozwa na sera ya hekima. Ulipozwa na dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na njia mpya ya kuichenjua kwa sianidi, vilivyoongeza ujazi wa fedha duniani bila benki kuu yoyote kukusudia.

Kuna tatizo jingine la kiufundi. Benki kuu ikitaka kupambana na mfumuko, inaweza kupandisha riba kadiri inavyoona inafaa. Ikipambana na mporomoko, haiwezi kuishusha riba mbali sana chini ya sifuri, maana watu wangetoa amana zao na kukaa na noti. Ndiyo maana benki kuu nyingi huchagua lengo la mfumuko mdogo, kwa mfano asilimia 2, badala ya sifuri kamili, ingawa nakiri kwamba hata asilimia hizo 2 humla polepole mwenye akiba asiyelipwa riba.

Anachohitaji mtu aliyeumizwa na bei ni kipato kinachozifikia bei zilipo sasa. Kwa hiyo ninaomba gazeti lako, kila linapotangaza kiwango cha mfumuko wa bei, lichapishe pembeni yake fahirisi ya bei yenyewe, yaani kipimo cha kiwango cha jumla cha bei, ukuaji wa mishahara na ukuaji wa mikopo ya benki kwa sekta binafsi, ili msomaji aweze kupima kama mfumuko umepoa kwa sababu bidhaa zimepatikana kwa wingi au kwa sababu watu wameacha kukopa na kununua.

Wasalaam,
Msomaji wako