Barua kwa Mwanangu Aliyetapeliwa Kodi ya Chumba

Makambako

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, ingawa tangu usiku ule ulipopiga simu ukilia hajalala vizuri, na simu yangu ikiita huikimbilia yeye kabla yangu. Niliahidi kukuandikia kwa sababu niliyotaka kukuambia hayasemeki mbele ya wateja dukani, na mengine, kama utakavyoona, yananiaibisha.

Hesabu nimeirudia. Kodi ya miezi sita kwa shilingi 80,000 ni 480,000, na ukiongeza mwezi mmoja wa dalali inafika 560,000. Si fedha ndogo, na sitajifanya kuwa ni ndogo ili nikufariji. Hata hivyo lililonikaa moyoni si fedha bali neno lako la mwisho kabla ya kukata simu, kwamba kuanzia sasa hutamwamini binadamu yeyote mpaka unaingia kaburini.

Ulinisimulia kwamba ulipokuwa unatuma, simu ilikuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, na jina lile halikuwa la yule aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba. Ulimuuliza, akacheka, akasema laini ni ya mke wake, nawe ukabonyeza. Kwa hiyo uliona, mwanangu, tena uliona vizuri. Kilichokuponza ni kuona haya. Mtu mzima aliyekuita binti yangu na kukupa kiti uliona vibaya kumwambia kwamba humwamini. Adabu hiyo tulikufundisha sisi wazazi wako, na nakiri kwamba hatukukuonyesha mahali inapokomea. Matapeli wanaifahamu adabu yetu kuliko sisi wenyewe, nayo ndiyo mtaji wao. Anayesambaza ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hamjui hata mmoja kati ya wanaoupokea, lakini anajua kwamba miongoni mwao hakosi mtu anayedaiwa kodi au ada, ambaye ataona aibu kumpigia anayemdai na kumuuliza kama kweli ni yeye.

Tulidhani alama za vidole zingewakomesha. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa Januari 2020, na wengi tukapumua. Kumbe wajanja walikwisha kupata laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, wakiwemo vikongwe walioambiwa na msajili wa barabarani waweke kidole tena kwa kuwa cha kwanza hakikusomeka. Ukipata nafasi, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Polisi pia uende, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako, hata kama wote wanakuambia kuwa fedha hairudi.

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba zamani watu walikuwa waaminifu. Mimi sina hakika. Kijijini kwa babu yako jembe la kila mtu lilijulikana kwa mpini wake, na aliyeliiba hakuwa na shamba la kwenda kulilimia bila kuonekana. Tuliita hali hiyo uaminifu, kumbe sehemu kubwa yake yalikuwa ni macho ya majirani. Huko uliko dalali akivuka barabara mbili hajulikani tena, na anayekaa naye chumba cha pili hajui hata jina lake.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa tapeli mahali ambapo macho hayakunifikia. Kabla hujazaliwa nilikuwa nanunua viazi vijijini kwa niaba ya matajiri wa Dar es Salaam. Mkulima alilipwa kwa gunia, si kwa kilo, na gunia lilipaswa lisizidi kilo 100. Sisi tulifunga lumbesa. Gunia likijaa tulilitikisa, tukashindilia kwa goti, kisha tukaongeza viazi juu ya mdomo na kuvifuma kwa kamba mpaka gunia likaota nundu kama ng'ombe. Bei ilibaki ileile. Sote tulijua kuwa ni wizi, lakini tuliuita biashara, na kwa kuwa kila mnunuzi alifanya hivyo hakuna aliyepoteza usingizi.

Siku moja mzee mmoja alituachia tufunge magunia yake 12 bila kusema neno, kisha akaingia ndani akatoka na mzani wa kuning'iniza alioazima kwa jirani. Akaufunga kwenye tawi la mparachichi, akafumua gunia moja, akaanza kupima viazi ndoo kwa ndoo, huku mjukuu wake akichora mistari chini kwa kijiti. Kazi ile ilichukua karibu saa nzima, na majirani wakazidi kujaa. Jumla ilipotoka ilikuwa kilo 140. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kijana, hizi arobaini ni za nani?" Nililipa za magunia yote 12, tena haraka, na nikudanganye nini: siku ile sikuumia kwa sababu nilikuwa nimeiba, niliumia kwa sababu nilionekana. Majuto yenyewe yalikuja baadaye sana, nilipofungua duka na kuanza kupunjwa mimi.

Mzee huyo yu hai na ni mteja wangu. Mfuko wa mbolea wa kilo 50, ulioshonwa kiwandani, bado huupandisha mwenyewe kwenye mzani wangu kila anaponunua, nami nimezoea kusubiri. Mwanzoni nilikasirika, kwa kuwa nilijiona nimebadilika na nilitaka anipe cheti. Lakini mwaka juzi alipotakiwa kulazwa hospitali, fedha zake za mavuno hakuzipeleka kwa ndugu zake. Alizileta kwangu nimtunzie. Tulizihesabu mara mbili mezani, akaandika kwenye daftari lake, nikatia sahihi, na mke wake akawa shahidi. Aliporudi tukazihesabu tena mbele ya mkewe, akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Nimemfikiria sana wiki hii. Ananipima kila msimu, na katika mji huu sidhani kama yuko mtu anayeniamini kuliko yeye.

Sasa kuhusu chumba. Usiende peke yako. Nimekwisha kuzungumza na shangazi yako wa Mbagala, atafuatana nawe. Mwenye nyumba akishakaribisha, ombeni ruhusa muwasalimie wapangaji wengine, muulize kodi wanampa nani na maji yanatoka siku zipi. Piteni kwa mjumbe. Mkataba uandikwe kabla ya fedha kutoka, na jina litakalotokea kwenye simu liwe lililo kwenye mkataba. Akinuna kwa sababu umeuliza, msalimie kwa heshima zote, uondoke.

Fedha nitakutumia Jumamosi. Mama ameuza kuku wake wanne ili iongezeke, ila amenikataza nisikuambie. Kabla ya kutuma nitapiga simu nisikie sauti yako, kwa kuwa siku hizi watu huibiwa simu na wezi wakawaomba wazazi fedha kwa jina la mtoto. Kwa hiyo usikasirike nikikuuliza jina ulilompa yule mbuzi mwenye pembe moja.

Ni mimi,
Baba yako