Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wauguzi Wetu wa Vita vya Kagera

Ndugu wanachama,

Hali ya chama chetu cha wauguzi wastaafu na familia zao ni ya kuridhisha. Ada zimelipwa na wanachama wengi, mfuko wa kusaidiana katika ugonjwa na misiba haujakwama, na hesabu zitasomwa na mweka hazina. Kwa ridhaa yenu, sehemu kubwa ya taarifa hii itahusu jambo lililotokea Mei 12, katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani hapa Bukoba, kwa kuwa limegeuza mpango wa kazi wa kamati, na kwa kuwa aliyehusika ni mama yangu mzazi, ambaye ameniruhusu kulisema.

Wauguzi walipokwisha kuwasha mishumaa na kurudia kiapo, mzee mmoja, askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), aliomba kipaza sauti. Alieleza kwamba mwaka 1979 alifikishwa wodini akiwa na jeraha la muundi lililoanza kuoza, kwamba sista mmoja alilisafisha asubuhi na jioni mpaka nyama mpya ikaota, na kwamba sista huyo alikuwa ameketi safu ya pili siku ile. Mama aligeuka kutazama nyuma, akidhani anasemwa mwingine. Alipofikishwa mbele, huku ukumbi mzima umesimama, hakuhutubia, alimwomba mzee akunje suruali, akainama, akapitisha kidole gumba juu ya kovu kama anayekagua kazi yake, akasema, "Limefunga vizuri." Cheti alikabidhiwa baadaye, nami nilifarijika sana, ingawa kwangu kauli ile ya mzee ilikuwa na uzito kuliko cheti.

Historia ya vita ile tunaijua: ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, kushambulia Bukoba Oktoba 1978, Daraja la Kyaka kulipuliwa, tamko la vita la Mwalimu Nyerere la Novemba mwaka huohuo, hadi Kampala kutekwa Aprili 11, 1979. Makaburi ya mashujaa wetu yako Kaboya, na kila Julai 25 taifa huwakumbuka, kama inavyostahili. Waliowapokea majeruhi, hata hivyo, hutajwa kwa nadra. Mama husimulia kwamba sindano zilichemshwa na kutumika tena, kwamba bendeji zilifuliwa, zikaanikwa na kuviringishwa upya usiku, na kwamba raia waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera walifika na watoto wanaoharisha, ikawa muuguzi yuleyule anatoka kwenye kitanda cha askari na kwenda kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari. Katika jalada lake la utumishi miezi hiyo yote imeandikwa kama kazi ya kawaida, na hilo linaniuma.

Heshima aliyoipata ilitokana na bahati. Kama mzee yule angeamka na homa asubuhi ile, mama angerudi nyumbani bila kutambuliwa na yeyote, kama wenzake wengi ambao tumekwisha kuwazika. Muuguzi aliyekuwa na umri wa miaka 25 vita vilipoanza sasa amevuka 70.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tukusanye ushuhuda wa kila muuguzi aliyehudumu wakati huo, na wa wahudumu wa wodi pia, ambao husahaulika zaidi. Vijana wetu watarekodi sauti kwa simu na kuandika maelezo, na nyaraka kama barua za uhamisho na picha zitapigwa nakala na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyohiyo. Mkutano ukiridhia, tutaomba nakala moja ipokelewe na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Fomu ziko kwa katibu, nasi tutaanza na wale ambao afya zao haziruhusu kungoja.

Naomba kuwasilisha.