Mdogo wangu, hilo begi lako la hospitali liko wapi?

Mdogo wangu,

Uliponiambia umehamia kwako nilifurahi kweli, afu usiku usingizi ukagoma. Nilikuuliza begi la hospitali umeliweka wapi ukanijibu "dada mimi niko fiti sasa hivi, mara ya mwisho kubanwa na maumivu ya selimundu ni mwaka jana". Ndo maana nakuandikia, kwa sababu siku ukibanwa hutaweza kupanga chochote, hata mdomo hutakuwa nao.

Sote wawili tumezaliwa na selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, mimi nimekutangulia kuumia tu. Usiku ule kifua kiliponibana nilipelekwa hospitali na jirani aliyekuwa anajua jina langu moja tu. Nesi anauliza una aleji ya dawa gani, unatumia dawa gani, uliongezewa damu lini, na yote nayajua yapo kichwani, ila kila nikivuta pumzi niseme kifua kinachoma nabaki kutoa macho. Namba ya mama na ya daktari wangu zimo kwenye simu, simu kaishika jirani, ina paswodi. Akawa ananisogezea kioo nibonyeze, vidole vinatetemeka, nikakosea, nikakosea tena, mpaka ikajifunga. Yule jirani alibaki ameshika simu inawaka na haina msaada wowote, mpaka leo nikikumbuka machozi yananilenga.

Kwa hiyo leo hii kaa chini uandike karatasi moja. Jina lako kamili, aina ya selimundu uliyonayo, kundi la damu, na kama kuna kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoipinga damu ya mtu mwingine, zilijitokeza baada ya kuongezewa damu andika pia maana zinafanya damu ya kukufaa iwe ngumu kupatikana. Dawa zote na dozi zake, na haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, usisahau kabisa kuiandika kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na daktari anayekutibu homa lazima alijue hilo. Aleji. Dawa ya maumivu inayokusaidia na kiasi chake.

Afu andika HB yako, yaani kiwango cha damu, ya siku za kawaida, hili watu wengi hawalikumbuki. Mimi nikiwa mzima natembea nacheka HB yangu ni 7.8, mtu asiyenijua akiiona anashtuka anataka kunitundikia damu hapo hapo, wakati kwangu ndo kawaida, na damu ya kuongezewa bila sababu inajaza madini ya chuma mwilini. Ila nikikutwa na 5 hapo kweli kuna jambo. Bila ile namba ya kawaida daktari mgeni atajuaje?

Nakala moja iwe ndani ya begi, moja nyuma ya kava la simu, moja kwa jirani. Na simu yenyewe ina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila paswodi, ijaze, ni dakika tano tu.

Sasa jirani. Najua hupendi watu wajue unaumwa, nakuelewa kabisa, lakini chagua hata mmoja umfundishe. Mwambie homa ikifika 38.5 sio ya kumeza dawa na kusubiri asubuhi, wengu wetu, unaosaidia kupambana na bakteria, uliharibika tangu utotoni kwa hiyo bakteria wakiingia kwenye damu wanaenda mbio sana. Mwambie ukishindwa kupumua vizuri, mdomo ukipinda, mkono ukilegea upande mmoja au maneno yakigongana, ni hospitali muda huo huo. Na asikuwekee barafu hata kama mguu unauma vipi, baridi inabana mishipa na maumivu yanazidi, akupe maji na kitambaa cha uvuguvugu.

Kuna jingine utaona aibu dada yako kulitaja lakini nalitaja. Uume ukisimama wenyewe, unauma na haulali, usijifungie chumbani. Ukifika masaa manne ni dharura kamili, na usingoje hata yafike, kuna vijana wamepoteza uwezo wao kwa sababu ya kuona haya.

Begi lenyewe halina mambo mengi: kipimajoto, dawa ndani ya maboksi yake, chaja, nguo nzito, chupa ya maji. Usafiri wa usiku ndo uufikirie sana, nani ana gari na anapokea simu saa nane usiku, namba yake iandike kwenye karatasi maana chaji huisha. Uliza pia mapema hospitali ipi ina oksijeni na damu usiku, ya karibu sio lazima iwe ndo hiyo.

Karatasi yangu nimeipiga picha nakutumia, ifuate tu ubadilishe yaliyo ya kwako. Jumapili nakuja na kipimajoto kipya, nataka nilione hilo begi kwa macho yangu na unitambulishe kwa huyo jirani.

Dada yako