Kanuni za usalama kiwanjani zimfikie na kibarua wa mizigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, pale mpwa wangu alipokuja nyumbani kwangu Kirumba akiwa na bahasha ya karatasi alizopewa baada ya mafunzo ya siku moja ya kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya ndege. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Alikuwa amekwisha kutia saini ukurasa wa mwisho, unaothibitisha kwamba amesoma, ameelewa na atafuata kila kilichoandikwa humo, na sasa alikuwa anauliza, "Mjomba, hivi hapa wanasemaje?"

Kiwanja alikopata kibarua hicho sikitaji, wala kampuni iliyomwita, kwa sababu nia yangu si kumchongea mtu. Isitoshe, mambo yalikuwa hivyohivyo nilipoanza mimi katika kiwanja kingine cha kanda hii ya ziwa, ambako nilibeba mizigo ya watu kwa miaka 11 hadi mgongo uliponikatalia.

Nilitoka naye uani, nikaokota kijiti, nikamchorea ndege mchangani. Nilianza na ATR, ile ya propela mbili ambayo wakazi wa Mwanza na Bukoba tunaifahamu vizuri. Abiria hupandia nyuma, upande wa kushoto. Mlango mkubwa wa mizigo uko mbele, upande huohuo, hatua chache tu kutoka kwenye propela. Kwa hiyo mpakiaji aliyekuwa mkiani, akiitwa mbele na akaamua kukata njia, anapita pale ambapo hapaswi kupita. Propela inayozunguka kwa kasi haionekani. Jicho linaona hewa tupu na upande wa pili wake. Tena ndege hii haina injini ndogo ya mkiani ya kuzalisha umeme ikiwa imeegeshwa, hivyo mara nyingi rubani huiacha injini ya kulia ikinguruma huku propela yake ikiwa imefungwa breki. Kijana mgeni anasikia mngurumo, anatazama propela imetulia, na baada ya wiki mbili sikio lake limekwisha kuzoea kwamba mngurumo hauna neno. Siku atakapouzoea mngurumo wa upande wa kushoto, ambako propela haina breki hiyo, hakuna karatasi itakayomrudisha. Nilimweleza pia habari ya taa nyekundu inayomulika juu na chini ya mwili wa ndege, na ya vigingi vya matairi ambavyo lazima viwekwe kabla mtu yeyote hajasogeza toroli. Ilichukua kama saa moja. Aliyashika yote, na aliniuliza maswali ambayo mkufunzi wake hakuulizwa na mtu, kwa sababu ukumbini hakuna aliyetaka kuonekana hajui lugha.

Sisemi kwamba nchi haina kanuni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake, na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambao Tanzania nayo inaufuata, una viambatisho vinavyohusu hayo ninayoyasema: cha 14 kinaeleza jinsi viwanja vinavyotakiwa kuwa, na cha 19, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinahusu usimamizi wa usalama wenyewe. Kanuni zimeandikwa na watu wenye akili, na nyingi zimeandikwa baada ya watu kufa. Ninachouliza ni zinamfikia nani. Rubani hupimwa mara kwa mara katika maisha yake yote ya kazi. Mwongozaji wa ndege aliyeko mnarani ana leseni. Lakini mtu anayeifagia lami ya maegesho, na yule aliyepigiwa simu alfajiri kwa sababu leo mizigo ni mingi, hao hupewa kizibao cha kuakisi mwanga (nilichopewa mimi kilikuwa na jina la mtu mwingine mgongoni) na kuambiwa wawe waangalifu.

Mfagiaji huyo si mtu mdogo. Tarehe 25 Julai 2000 ndege ya Concorde iliyokuwa inaondoka Paris ilikanyaga kipande cha metali kisichofika urefu wa nusu mita, kilichodondoka kutoka kwenye ndege nyingine iliyoruka dakika chache kabla. Tairi lilipasuka, vipande vyake vikapiga bawa lenye tangi la mafuta, moto ukawaka, na watu 113 wakapoteza maisha, wanne kati yao wakiwa hawamo hata ndani ya ndege. Nilipomsimulia mpwa wangu alishangaa, akasema kwao waliambiwa tu waokote takataka. Hakuna aliyewaambia kwa nini, na mtu asiyejua sababu huokota pale msimamizi anapomtazama.

Huku kwetu kuna mambo ambayo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya dunia nzima hauwezi kuyataja. Abiria wa Mwanza haondoki mikono mitupu: kuna sato, kuna sangara, kuna boksi la dagaa la kumpelekea mama mkwe. Boksi lililofungwa vibaya huvuja, na maji ya samaki yakiingia sakafuni mwa chumba cha mizigo hula metali na kuharibu nyaya, achilia mbali kwamba mpakiaji anayainamia akiwa na kilo 30 mikononi na kuteleza ni jambo la sekunde moja. Kampuni za minofu nazo zinaweza kutumia barafu kavu, ambayo haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka kuwa hewa ya kaboni. Mtu aliyejifungia nayo mahali pasipo na hewa ya kutosha anaweza kuzimia kabla hajajua kinachompata. Halafu kuna kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara wanaozurura Mwaloni na popote penye mabaki ya samaki. Utumbo wa samaki uliotupwa karibu na uzio wa kiwanja ni mwaliko kwao, na kongoti mmoja akigonga injini wakati ndege inapaa, ni balaa. Mkufunzi anayefundisha Mwanza bila kutaja samaki amefundisha mahali pengine.

Nirudi kwenye kiwanja kile nilikobeba mizigo, maana kuna jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Alasiri moja upepo wa ziwani ulivuma ghafla, na toroli la mizigo ambalo halikuwa limefungwa breki likaserereka lenyewe hadi likagusa ubavu wa ndege. Tulikuwa watatu. Tulikwenda tukapapasa pale lilipogusa, hatukuona mkunjo wala mkwaruzo wa maana, na kiongozi wa zamu yetu akasema hakuna kitu. Tukanyamaza. Ndege iliondoka na ikafika salama, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala hadi niliposikia imetua. Baadaye sana ndipo fundi mmoja aliponieleza kwamba kuna sehemu za ndege za siku hizi zinazotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kwamba zikigongwa, kwa nje zinaweza kuonekana nzima kabisa ilhali tabaka za ndani zimekwisha kuachana. Kwa hiyo kupapasa kwetu kulikuwa kazi bure. Aliyepaswa kuamua ni fundi, na fundi hakuambiwa.

Tulinyamaza kwa nini? Si kwa kutojua kanuni. Hiyo ya kutoa taarifa tuliijua. Tulikuwa vibarua wa kulipwa kwa siku, na kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuona mwenzake aliyesema jambo asipigiwe simu kesho yake, wala kesho kutwa. Hakufukuzwa, kwa sababu hakuwa ameajiriwa. Simu haikuita tu. Yeyote anayepanga mafunzo ya usalama bila kuigusa hofu hii anapoteza muda wake na wa wanaomsikiliza.

Ninaomba basi, kupitia gazeti lako, wanaosimamia viwanja na makampuni yanayohudumia ndege wafikirie haya. Mafunzo ya watu wa mizigo, wa usafi, wa kuendesha matrekta na wa kujaza mafuta yatolewe kwa Kiswahili, palepale kwenye maegesho, ndege ikiwa mbele yao, na mtu apimwe kwa kuulizwa na kuonyesha kwa vitendo badala ya kutia saini. Kibarua asiingie eneo zinakoegeshwa ndege kabla ya kipimo hicho, hata kama mizigo imezidi na ndege imechelewa. Na aliyesimamisha kazi kwa sababu ya usalama, au aliyetoa taarifa ya kosa, likiwemo kosa lake mwenyewe, alipwe ujira wa siku ile na jina lake libaki kwenye orodha ya wanaoitwa. Hili la mwisho naliona kuwa zito kuliko mengine yote, na kwa mahesabu yangu ndilo la bei nafuu.

Kuna kundi jingine ambalo huenda wasomaji wasilihesabu kuwa ni watu wa kiwanjani. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyobeba watu 43 ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, walioifikia kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi, na watu 24 waliokoka siku hiyo. Viwango vya kimataifa vinataka gari la zimamoto lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Gari hilo halielei. Kiwanja cha Mwanza nacho kiko kando ya ziwa, na wavuvi wa Igombe na vijiji vya jirani wapo majini usiku na mchana. Wangeshirikishwa katika mazoezi ya uokoaji hata mara moja kwa mwaka, wakaonyeshwa mlango wa dharura hufunguliwaje kwa nje, mafuta ya ndege yakitanda juu ya maji mtu afanye nini na sigara yake, na namba gani ya simu ipigwe kwanza.

Mpwa wangu ameanza kazi Jumatatu. Karatasi zake bado ziko mezani kwangu, namtafsiria kurasa mbilimbili kila jioni.

Mpakiaji mizigo mstaafu,
Kirumba, Mwanza.