Shukrani kwa muuguzi wa Malindi

Dada muuguzi uliyekuwa zamu, jina lako sikulijua. Ahsante sana. Mdogo wangu ana ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) pamoja, na hakuna aliyetufafanulia kama wewe kwa nini daktari ameanza na dawa ya lithiamu: hisia zitulie kwanza, maana dawa ya umakini ikitangulia peke yake yaweza kumpandisha hisia tena, akakesha usiku kucha. Na lile la joto letu! Jasho likimtoka sana na maji hanywi, lithiamu huzidi kwenye damu ikawa sumu. Mama alihangaikia Ramadhani, ukamwambia kwa upole, “Mama, mgonjwa ana ruhusa. Asianze kufunga kabla ya kumwona daktari.” Sasa analala, na kupimwa damu hakosi. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, wewe na waliokulea.